Kipi Kilianza, Kichwa au Tumbo?

Ukiingia duka la dawa muhimu pale Tukuyu ukasema kichwa kinagonga na tumbo limechafuka, huenda ukatoka na vibahasha viwili: kimoja cha kichwa, kimoja cha tumbo. Umelipa, umeshukuru, umepanda bodaboda kurudi Kisondela, na hakuna aliyekuuliza kipi kilitangulia. Mwongozo huu nimeujenga juu ya swali hilo. Kati ya kichwa na tumbo, kipi kilianza, na kilitangulia kwa muda gani? Ukiweza kulijibu kwa uhakika, utajiokolea pesa, muda, na pengine tumbo lako lenyewe.

Nalishikilia swali hili kwa sababu wapo watu wanaotibiwa vidonda vya tumbo mwaka baada ya mwaka, wakatibiwa minyoo, wakatibiwa taifodi kwa kipimo cha Widal ambacho peke yake hakitoshi kuthibitisha taifodi, na bado kila baada ya wiki mbili tatu wanajifungia chumbani, pazia limeshushwa, ndoo iko kando ya kitanda. Majirani wanasema ni nyongo. Mwenyewe anasema ni tumbo. Mara nyingi ugonjwa huo unaitwa kipandauso, na tumbo limeingizwa kwenye kesi isiyo yake.

Kwanza ukitambue

Kipandauso si kila maumivu makali ya kichwa. Kina tabia zake. Kisipotibiwa, shambulio moja hudumu kuanzia saa 4 hadi siku 3, kisha mtu anarudi kuwa mzima kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Maumivu mara nyingi hushika upande mmoja, ingawa yanaweza kuhama au kutanda kote. Yanapiga kwa mdundo, kama moyo umehamia kwenye kipaji cha uso. Yanazidi ukiinama, ukipanda mlima na ndoo ya maji, ukibeba tenga la chai mgongoni. Na pamoja nayo huja kichefuchefu au kutapika, au kuchukia mwanga na kelele kiasi kwamba hata watoto wakicheza nje unaona wanakupigia nyundo. Wengine, kabla ya maumivu, huona vimeta vya mwanga au mistari ya kupinda machoni kwa dakika kadhaa.

Rudia kusoma sentensi ile ya kichefuchefu. Kutapika kumo ndani ya maelezo ya ugonjwa wenyewe. Mtu wa kipandauso anapotapika hajapata ugonjwa wa pili. Ni shambulio lile lile limefika tumboni.

Wala usidhani haya ni maradhi ya watu wa mjini wenye mawazo ya ofisini. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Haydom, mkoani Manyara, wakiwaandikisha watu zaidi ya 7,000, walikuta kipandauso kwa takriban watu 4 katika kila 100, wanawake wakiwazidi wanaume karibu mara tatu. Vijijini, kwa wakulima na wafugaji. Kipandauso pia hufuata ukoo: kama mama yako au bibi yako alikuwa na siku zake za kujifungia gizani, hiyo ni habari ya kumpa daktari.

Njia kati ya kichwa na tumbo

Kuna neva ndefu inayoshuka kutoka shina la ubongo, ikapita shingoni na kifuani, hadi tumboni. Ujumbe hupita humo pande zote mbili. Kemikali ya serotonini, ambayo inahusika na kipandauso, sehemu yake kubwa sana, kama asilimia 90, hutengenezwa kwenye utumbo. Kwa hiyo si ajabu kwamba ubongo ukivurugika, tumbo linapata habari.

Kinachotokea tumboni wakati wa shambulio ndicho chenye faida kwako kukijua. Tumbo hupunguza mwendo, na kwa wengine husimama kabisa. Chakula ulichokula saa nyingi zilizopita kinabaki palepale. Madaktari wa Uingereza waliopima damu za wagonjwa miaka ya 1970 waliona kwamba aspirini iliyomezwa wakati wa shambulio huchelewa kuingia kwenye damu. Kidonge kimemezwa, lakini kimekaa tumboni kama gunia la viazi kando ya barabara likingoja gari ambalo halijaja. Hapo mgonjwa anasema dawa haifanyi kazi, anameza nyingine, na nyingine, mpaka tumbo linapoamka zote zinaingia kwa pamoja.

Kutapika kwenyewe kunafafanua pia habari ya nyongo. Mtu aliyetapika kila kilichokuwemo hubaki akitapika maji ya njano machungu, na kwa sababu hiyo watu husema nyongo imepanda kichwani. Yale maji ni nyongo kweli, lakini yanatoka kwa sababu hakuna kingine cha kutoka. Halafu kuna hili linalowapotosha wengi: baadhi ya wagonjwa, wakishatapika, kichwa hupungua, wanalala, wanaamka wazima. Ni rahisi basi kusema, "Unaona? Uchafu ulikuwa tumboni." Lakini ukitazama saa utakuta kichwa kilianza kuuma mapema, kutapika kukaja baadaye, na nafuu ikaja shambulio likielekea mwisho wake.

Je, tumbo halina hatia kabisa? Hapana, siwezi kusema hivyo. Nchini Norway, katika uchunguzi uliofanyika miaka ya 1990 kwa watu zaidi ya 43,000 wa mkoa mmoja, wale waliosumbuliwa zaidi na kiungulia, kuharisha, kufunga choo au kichefuchefu ndio pia walioumwa kichwa mara nyingi zaidi. Uchunguzi wa aina hiyo unaonyesha kwamba mambo mawili yanakaa pamoja. Hauonyeshi kwamba moja limezaa jingine. Huenda vyote viwili vinatoka mahali pamoja, huenda kimoja kinamchochea mwenzake. Kwa wewe unayeumwa leo, maana yake ni hii: ukiwa na kipandauso na tumbo lisilotulia hata siku ambazo kichwa ni kizima, una mambo mawili ya kutibu. Ukiwa na tumbo linalochafuka siku za kichwa tu, una moja.

Usilifunge jiko lako kwa sababu ya orodha ya WhatsApp

Kuna orodha za vyakula vinavyoleta kipandauso zinazosambazwa kwenye simu. Nyingi zimetoka nchi za mbali, na zinapofika huku kwetu Rungwe zinakuwa msiba: ndizi zisiliwe, parachichi lisiliwe, maharage yasiliwe, mtindi usinywewe, machungwa yaachwe, chai iachwe. Sasa mama wa Kisondela apike nini? Ukiondoa ndizi, maharage, parachichi na maziwa umeifuta meza yote ya Mnyakyusa. Ukiondoa mbalaga, yaani ndizi za kupikwa, umewanyang'anya watoto chakula cha jioni.

Ushahidi wa orodha hizo ni dhaifu, na kuna sababu ya kuzitilia shaka. Saa nyingi kabla kichwa hakijauma, wakati mwingine siku nzima, kipandauso huwa kimekwisha kuanza kimyakimya: mtu anapiga miayo, shingo inakaza, anakojoa mara kwa mara, na anatamani chakula fulani, hasa kitamu. Anakula ndizi mbivu tatu au anaongeza sukari kwenye chai. Kesho kichwa kinapasuka, naye anaapa kwamba ni zile ndizi. Kumbe hamu ya ndizi ilikuwa shambulio lenyewe likibisha hodi.

Nikushauri hivi. Chakula ukishuku, kiandike, usikiache. Kama umekila mara tatu tofauti, na mara zote tatu kichwa kikaja ndani ya siku moja, na siku usizokila hakiji, basi kiache kwa wiki nne uone. Kimoja tu kwa wakati. Ukiacha vitano kwa pamoja ukapata nafuu hutajua ni kipi, na ukikaa na njaa utaumwa zaidi. Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto wasiingizwe kwenye majaribio haya bila mhudumu wa afya.

Pombe ni jambo jingine. Hiyo watu wengi wa kipandauso wanaithibitisha wenyewe, iwe bia ya chupa au kimpumu. Kama glasi moja inakulaza gizani kesho yake, huhitaji kipimo cha tatu.

Chai nayo ina utaratibu wake. Wilaya hii ya Rungwe imeishi na chai tangu Wajerumani walipoipanda Kyimbila mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuna sababu ya mtu wa Rungwe kuiogopa. Tatizo la kafeini ni kubadilika ghafla. Aliyezoea vikombe vitano kwa siku akikatiza siku moja, kichwa kitamuuma kwa kuikosa. Kunywa kiasi kile kile kila siku, na ukitaka kupunguza, punguza kikombe kimoja kwa wiki.

Maziwa pia tuyatendee haki. Watu wazima wengi Afrika, miili yao hupunguza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa mabichi, ndiyo maana kikombe kikubwa cha maziwa freshi huwaletea gesi na kuharisha huku mtindi ukiwapita salama. Hilo ni la tumbo. Kama maziwa freshi yanakuvuruga, kunywa mtindi. Usiyaache yote kwa kudhani ndiyo yanayokuumiza kichwa.

Njaa inachochea zaidi

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika siku ya mchuma chai, ningebadilisha asubuhi yake. Anatoka kabla ukungu haujaachia, amekunywa chai ya rangi yenye sukari, basi. Saa nne bado anachuma. Saa sita anapeleka majani kituoni na kusubiri kupima. Saa nane, njiani kurudi, jicho la kushoto linaanza kupiga. Nyumbani anakuta maharage ya jana, anakula haraka, anatapika, na maharage yanabeba lawama ya tumbo lililokaa tupu tangu jana usiku.

Kukaa bila kula ni miongoni mwa vichochezi vya kipandauso vinavyojulikana sana, pamoja na kukosa usingizi, kukosa maji na siku za hedhi. Dawa yake haiuzwi dukani: ndizi mbili za kuchemsha au kipande cha gimbi au viazi vitamu vya jana, vimefungwa kwenye jani au kwenye chombo, na chupa ya maji. Kula kitu kabla ya kutoka, hata kidogo, na kitu tena saa nne. Mvua na baridi ya huku humfanya mtu asahau kunywa maji kwa sababu hatoki jasho la kuonekana, lakini mwili unayapoteza vilevile. Kama kanisa limetangaza mfungo wa maombi, mweleze mchungaji wako mapema kwamba una kipandauso. Mfungo una namna nyingi, na hakuna aibu katika kuomba ule unaoruhusu maji na uji.

Vidonda vya tumbo na mzunguko mbaya

Vidonda vya tumbo vipo, tena vingi. Chanzo chake kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa Perth, Australia, na Barry Marshall na Robin Warren, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Anaishi kwenye matumbo ya Waafrika wengi sana, mara nyingi bila kuleta dalili. Mwaka 1998 madaktari wa Roma waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wa kipandauso waliopewa dawa za kumwondoa walipata nafuu ya kichwa. Habari hiyo ilisisimua wengi, lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Kwa hiyo mtu akikuuzia tiba ya H. pylori kwa ahadi kwamba kipandauso kitakwisha, anakuahidi asichokijua.

Ukiwa na dalili za vidonda zenyewe, yaani maumivu ya kuunguza chembe ya moyo, kuamka usiku kwa maumivu, kushiba upesi, basi pimwa vizuri. Kipimo cha damu kinaweza kusema ndiyo hata miaka baada ya bakteria kuondoka. Omba kipimo cha choo kama kipo, na uache omeprazole kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne kabla ya kupima, la sivyo kipimo kinaweza kukudanganya. Ukianzishiwa dawa, zimalize zote hata kama siku ya tano umeshajisikia mzima. Na ujue kwamba omeprazole yenyewe, kwa baadhi ya watu, huumiza kichwa. Mtu anayeimeza kila siku miezi sita huku akilalamika kichwa amtajie daktari hilo.

Sasa mzunguko mbaya ninaouogopa zaidi. Kichwa kinauma, mtu anameza diclofenac au ibuprofen au aspirini, tena tumbo likiwa tupu. Kinauma tena, anameza tena. Dawa hizi zinakwangua ukuta wa tumbo, zinaweza kuleta kidonda, na kidonda kinaweza kutoa damu. Tumbo likianza kuuma mtu anasema, "Niliwaambia ni tumbo." Ni tumbo kweli sasa, lakini limeumizwa na tiba ya kichwa. Na kichwa nacho hakiponi: mtu anayemeza dawa za maumivu siku nyingi kila mwezi hujitengenezea kichwa kipya kinachouma karibu kila siku, kinachotulizwa na kidonge kwa saa chache kisha kinarudi kudai kingine. Mpaka wake unajulikana. Kwa paracetamol peke yake, au ibuprofen peke yake, ni siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa vidonge vya mchanganyiko, au vyenye kodeini, ni siku 10. Mimi nakupa kipimo rahisi cha kukumbuka: usivuke siku mbili kwa wiki. Ukivuka, usiongeze dozi. Nenda hospitali.

Na ukiuziwa vidonge vya kuhesabu kwenye kibahasha kisicho na maandishi, muulize muuzaji jina la dawa na uliandike hapo hapo kwa kalamu. Vidonge vyeupe vyote vinafanana.

Shambulio likianza

Meza mapema. Hili nalisisitiza kwa sababu ya lile tumbo linalosimama: kidonge kinachomezwa dalili za kwanza zinapoonekana kina nafasi ya kupita, kinachomezwa baada ya saa tatu za kuvumilia kinakuta mlango umefungwa. Uvumilivu ni sifa nzuri ya watu wa huku, ila kwenye kipandauso unakugharimu.

Mtu mzima asiye na vidonda, asiye na tatizo la figo, asiye mjamzito, anaweza kumeza ibuprofen miligramu 400 pamoja na chakula kidogo. Mwenye vidonda au mjamzito atumie paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, bila kuzidisha vidonge vinane kwa saa 24. Mtoto na kijana aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini. Kisha giza, ukimya, kitambaa cha maji baridi kwenye kipaji, maji kwa mafunda madogo. Usijilazimishe kula sahani nzima ili upate nguvu. Tumbo halitaki chakula kwa saa hizo.

Kama kichefuchefu huja mapema na kwa nguvu, muulize daktari kuhusu metoclopramide, ambayo wengi huifahamu kama Plasil. Hupunguza kichefuchefu na hulisukuma tumbo liamke, hivyo dawa ya maumivu inapata njia. Ni ya siku chache tu, isizidi tano mfululizo, na isipewe watoto kiholela, kwa sababu inaweza kukakamaza shingo, taya na macho. Ukishaanza kutapika kila kitu usiendelee kumeza vidonge. Kituo cha afya wana sindano. Na kama unatumia ARV au dawa za kifua kikuu na ukazitapika muda mfupi baada ya kumeza, uliza kliniki yako kama urudie dozi.

Mtoto anayeshika kitovu

Kuna kipandauso kinachoanza maisha yake tumboni. Mtoto, mara nyingi wa umri wa kati ya miaka mitatu na kumi, anashikwa na maumivu katikati ya tumbo, kwenye kitovu, kwa saa kadhaa au hata siku mbili tatu. Anapauka, anakataa chakula, pengine anatapika, anataka kulala. Kichwa hakimuumi. Kisha anapona kabisa, anakimbia na wenzake, na baada ya wiki kadhaa yanarudi vilevile. Anapewa dawa ya minyoo kila mara, na kila mara inaonekana imefanya kazi kwa sababu shambulio lingeisha lenyewe hata hivyo. Wengi wa watoto hawa huja kupata kipandauso cha kichwa wakikua, na mara nyingi mzazi mmoja anacho.

Mpeleke apimwe, usijiamulie mwenyewe. Maumivu yaliyohamia upande wa kulia chini, homa, damu kwenye choo, kupungua uzito, tumbo gumu, hayo ni mambo mengine na hayangoji.

Yanayofanana nacho lakini yanaua

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu kichwa na tumbo kuuma pamoja si kipandauso siku zote.

Mjamzito aliyepita wiki 20, au aliyejifungua ndani ya wiki sita, akiumwa kichwa sana, akaona ukungu au vimeta machoni, na akapata maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au chembe ya moyo: hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokaribia. Maumivu yale ya juu ya tumbo yanatoka kwenye ini, na ndiyo watu wanayoyaita kiungulia cha mimba na kuyatafutia magnesiamu ya kutafuna. Presha yake ipimwe leo, saa hii, usiku huu. Tafuta gari, usisubiri kupambazuke.

Nyumba nzima ikiamka na kichwa na kichefuchefu, asubuhi ya Juni au Julai, na jiko la mkaa lililala ndani kuwapasha moto: hiyo ni hewa ya sumu ya mkaa, haina harufu, na inaua watu usingizini. Fungueni milango, tokeni nje wote, nendeni hospitali. Baridi ya Tukuyu naijua. Ongezeni blanketi, mkaa ubaki nje.

Kuna pia mnyoo tegu wa nguruwe. Nyanda hizi za juu tunafuga nguruwe na kitimoto kinapendwa, na watafiti wamemkuta mnyoo huyu wilayani Mbozi, si mbali na sisi. Anayekula nyama isiyoiva yenye vifuko vya mnyoo huyo hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka kwenye choo cha mtu huyo, na yeyote atakayeyameza kwa mikono michafu, maji au mboga, hata kama hajawahi kuonja kitimoto, anaweza kupata vifuko kwenye ubongo. Matokeo ni maumivu ya kichwa ya muda mrefu na kifafa. Kwa hiyo kichwa kipya kinachoambatana na degedege kwa mtu mzima kinahitaji uchunguzi wa hospitali. Usijinunulie dawa ya tegu, kwa maana kwa mtu mwenye vifuko ubongoni dawa inaweza kuamsha uvimbe. Nyama iive mpaka ndani, nguruwe wafungiwe, choo kitumike.

Mengine kwa ufupi: kichwa kilichopiga ghafla kama radi, homa yenye shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, jicho jekundu lenye maumivu na kutapika, kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50 au anayeishi na VVU, kutapika damu, choo cheusi kama lami: haya nayo hayangoji. Na homa ya aina yoyote ipimwe malaria kwanza.

Daftari, kisha Makandana

Chukua daftari la shule, la kurasa 40. Kila shambulio liwe na mistari yake: tarehe, saa dalili ya kwanza ilipoonekana, kipi kilianza, ulikula mara ya mwisho saa ngapi, ulilala vipi, hedhi iko wapi, umemeza nini na vingapi, liliisha saa ngapi. Andika pia siku tumbo lilipokusumbua bila kichwa. Hizo ndizo zinazotenganisha ugonjwa mmoja na miwili. Asiyeandika amwombe mwanawe wa darasa la tano. Wiki nane zinatosha.

Ukiwa na mashambulio manne au zaidi kwa mwezi, au machache lakini yanayokulaza siku tatu tatu, kuna dawa za kuzuia zinazomezwa kila siku, za bei nafuu. Propranolol ni mojawapo, ila mwenye pumu asiitumie. Amitriptyline kwa dozi ndogo usiku ni nyingine. Husaidia pia matumbo yanayosokota na kuharisha bila kidonda, lakini hukausha mdomo na kufanya choo kiwe kigumu, hivyo aliyekwisha kufunga choo aseme mapema. Ukiona imeandikwa kwamba hutumika kwa wagonjwa wa sonona usishtuke, hujaambiwa una wazimu. Dawa hizi zinahitaji kama miezi miwili kabla hujazihukumu, na zote huandikwa na daktari, hazinunuliwi kwa kuigana na jirani.

Anzia zahanati yako. Ikibidi watakuandikia rufaa kwenda Makandana, hospitali ya wilaya, na kutoka huko Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ya kanda. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, kwa hiyo usianze na "tumbo linanisumbua" ukaishia kwenye kipimo cha choo. Sema hivi: "Daktari, kichwa hunishika mara nne kwa mwezi, upande wa kushoto, kwa siku nzima. Kichwa ndicho huanza, na baada ya saa mbili natapika. Siku nyingine tumbo langu ni zima. Mama yangu anacho pia. Nimemeza dawa za maumivu siku kumi na mbili mwezi uliopita." Kisha weka mezani daftari na kile kibahasha ulichoandika jina la dawa.